Kupanga Safari kwa Simu: Kutoka Nakivale Hadi Mbarara

Katika chuo cha makadeti tulifundishwa ya kwamba safari ya kijeshi haipangwi kuanzia hatua ya kwanza. Hupangwa kuanzia saa ile ambayo huna budi kuwa umefika, kisha ukahesabu kurudi nyuma: mwendo, mapumziko, kuvuka mto, chai, mpaka dakika ya kufunga kamba za viatu. Mwalimu wetu alikuwa sajenti meja mmoja asiyecheka. Alitugawia ramani ya karatasi, dira na penseli, na yule aliyekosea hesabu alikwenda kwa miguu umbali uliozidi. Kwa miaka mingi tulidhani kuwa elimu hiyo ni mali ya watu waliovaa gwanda. Dhana hiyo ilitutoka majuzi katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, tulipomkuta mama mmoja wa Kikongo, mchuuzi wa dagaa, akiifanya hesabu ile ile juu ya kioo cha simu kilichopasuka pembeni.

Nakivale iko katika wilaya ya Isingiro, kusini magharibi mwa Uganda, kando ya ziwa lenye jina hilo hilo, yapata kilomita 60 kutoka Mbarara. Makazi hayo yalianzishwa mwaka 1958, na baada ya machafuko ya 1959 nchini Rwanda yakapokea maelfu ya Wanyarwanda. Leo yamo miongoni mwa makazi ya wakimbizi makongwe kabisa barani Afrika, nayo yana watu zaidi ya 150,000 kutoka Kongo, Burundi, Somalia, Rwanda, Ethiopia, Eritrea na kwingineko. Askari anayetumwa huko kwa mara ya kwanza akitazamia kuona seng'enge na geti atashangaa, kwani atakuta vijiji vilivyotawanyika, mashamba ya mahindi na maharage, masoko, misikiti na makanisa. Mkuu wa makazi huitwa kamanda ingawa ni mtumishi wa kiraia wa Ofisi ya Waziri Mkuu, jambo ambalo huwachekesha kidogo vijana wetu wanaposimama wima kumpigia saluti.

Mji wa watu hao ni Mbarara. Wasomaji wetu wastaafu wataukumbuka zaidi kwa Februari 1979, pale majeshi ya Tanzania na Waganda waliokuwa uhamishoni walipouteka kutoka mikononi mwa Idi Amin; tangu Julai 2020 una hadhi ya jiji. Kwa mkazi wa Nakivale, Mbarara ndiko kwenye hospitali kubwa ya rufaa, maduka ya jumla, na mabasi yaendayo Kampala, safari ya kilomita 270 hivi. Mambo mengi mazito ya maisha yake yanapitia barabara hiyo moja.

Mama tuliyemkuta alikuwa na mtoto wa kiume wa miaka sita, mwenye kadi ya kliniki ya Mbarara iliyoandikwa Jumanne, saa mbili kamili asubuhi. Lakini yeye alijua, kwa kuwa alikwisha kwenda mara tatu, ya kwamba asiyekuwa katika foleni saa moja kamili huitwa mchana. Basi saa moja ikawa ndiyo saa yake ya kufika, akahesabu kurudi nyuma. Kutoka steji ya taksi mjini hadi hospitalini, robo saa kwa bodaboda. Kutoka Base Camp hadi Mbarara simu yake ilimwambia saa moja na dakika ishirini. Yeye akaongeza dakika arobaini kwa mkono wake. Tukamwuliza sababu.

"Afande, simu inajua barabara," akasema, "haijui matope."

Kwa hiyo taksi ilipasa kuondoka saa kumi na moja kasorobo, usiku bado mzito. Kutoka kijijini kwake upande wa Juru hadi Base Camp ni nusu saa kwa pikipiki, na bodaboda alikuwa amekwisha kumpata kwa ujumbe: saa kumi kamili mlangoni. Kuamka, saa tisa na nusu. Kiti katika taksi alikuwa amekilipia nusu ya nauli kwa pesa za simu, huduma ambayo Uganda imekuwa nayo tangu Machi 2009. Jioni ile, katika kundi la WhatsApp la madereva na abiria wa njia hiyo, alisikiliza ujumbe wa sauti mmoja baada ya mwingine: mvua imenyesha wapi, lori limenasa wapi, gari gani bovu. Mpango mzima, tangu kadi ya kliniki hadi kengele ya kuamka, ulimchukua muda usiozidi ule wa kuchemsha maharage, nayo maharage yalikuwa jikoni yakichemka.

Yafaa hapa tueleze kitu ambacho askari wengi, na hata baadhi ya maafisa wenzetu, hukikosea. Watu hudhani ya kuwa simu isiyo na bando ni kipofu. Sivyo. Mfumo wa setilaiti uitwao GPS, ambao huiwezesha simu kujua ilipo, hautegemei mtandao wa kampuni yoyote ya simu. Ulibuniwa na jeshi la Marekani kwa kazi za kijeshi. Setilaiti yake ya kwanza ilirushwa mwaka 1978, na mwaka 1983, baada ya ndege ya abiria ya Korea Kusini kupotea njia na kutunguliwa na Wasovieti, Rais Reagan aliahidi ya kwamba raia nao wataruhusiwa kuutumia. Ulikamilika mwaka 1995. Hata hivyo Wamarekani waliendelea kuuchafua kwa makusudi ule mlio wa raia ili usilenge sawasawa, mpaka Mei 2000 walipouacha uwe safi. Setilaiti hutangaza saa na mahali zilipo. Simu husikiliza angalau nne kati yake na kupiga hesabu. Kwa kazi hiyo husikiliza tu, haisemi kitu.

Kinachohitaji bando ni picha ya ramani yenyewe. Basi mwenye akili huipakua mapema, mahali penye mtandao mzuri, akaihifadhi ndani ya simu, na akiwa porini hubaki na ramani yake pamoja na alama ndogo ya buluu inayomwonyesha alipo. Mama yule alifanya hivyo akiwa Mbarara mwezi uliotangulia. Ramani aliyoitumia imetokana na OpenStreetMap, kazi iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, ambayo mtu yeyote aweza kuichangia kwa kuchora njia ya kijijini kwake. Kikosi chake cha watu wa kujitolea katika maafa, kilichoundwa mwaka 2010 wakati wa tetemeko la Haiti, kimefanya kazi pia ya kuchora makazi ya wakimbizi ya Uganda. Tuliona kwa macho yetu katika simu ile vijia ambavyo ramani ya karatasi tuliyokuja nayo sisi haikuwa navyo. Tuliikunja, tukairudisha mkobani.

Kuhusu muda, ni lazima kutahadhari. Ramani kama ile ya Google, iliyoanza mwaka 2005, hukadiria mwendo wa magari kwa kutazama jinsi simu za wasafiri zinavyosogea barabarani. Penye simu maelfu, kama mjini Kampala, hesabu huwa karibu na kweli. Penye simu chache, tena barabara ya udongo mwezi wa Aprili, ile hesabu ni ndoto ya mashine. Zile dakika arobaini za mama yule zilikuwa na thamani kuliko setilaiti zote.

Wala tusidhani ya kuwa simu hiyo ilimfikia kwa urahisi. Kwa muda mrefu mkimbizi asiye na kitambulisho kilichokubaliwa hakuweza kuandikisha laini kwa jina lake, hivyo wengi walitumia laini za majina ya watu wengine. Polisi waliowahi kuchunguza wizi kwa njia ya simu wanajua hasara yake. Mnamo 2019 Tume ya Mawasiliano ya Uganda ilikubali barua ya utambulisho inayotolewa na Ofisi ya Waziri Mkuu itumike. Gharama nazo zipo: kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa kutumia mitandao ya kijamii, iliyoanza Julai 2018, iliondolewa mwaka 2021 na mahali pake pakawekwa kodi ya asilimia 12 juu ya bando. Na Januari mwaka huo huo wa 2021, wakati wa uchaguzi, mtandao ulipofungwa kwa siku kadhaa, waliosafiri bila taabu ni wale waliokuwa wameandika nambari ya dereva kwenye karatasi. Mama yule bado anayo karatasi hiyo. Imebandikwa ukutani juu ya kitanda.

Sasa tuingie katika safari yenyewe, kwani tuliomba kiti katika taksi ile, tukavaa kiraia.

Taksi, yaani basi dogo la watu kumi na wanne, iliondoka Base Camp saa kumi na moja kasorobo kama ilivyopangwa. Barabara ya changarawe ilikuwa imelowa, gari likayumba mara mbili tatu, lakini zile dakika za akiba zilitosha. Tulipoingia lami itokayo Kikagati, mpakani mwa Tanzania, kuelekea Mbarara, dereva aliimba. Saa kumi na mbili kamili tukafika kwenye kizuizi, mahali ambapo hatutapataja.

Askari alikuwa kijana nadhifu, mwenye salamu nzuri. Aliomba vitambulisho. Zamu ya mama ilipofika, yeye alifungua simu na kumwonyesha picha ya barua yake ya utambulisho, barua yenye majina ya watu wote wa kaya yake. Barua yenyewe aliiacha nyumbani, kwa kuwa siku hiyo binti yake mkubwa alihitaji kwenda nayo kupokea mgao wa chakula. Karatasi moja haiwezi kuwa mahali pawili. Askari akasema picha si karatasi. Akaichukua simu. Akaanza kuitazama: kwanza ile picha, kisha picha nyingine, kisha ujumbe. Mtoto alikuwa amelala begani mwa mama yake. Abiria wakaanza kunong'ona, dereva akazima injini.

Tunakiri ya kwamba tulikaa kimya kwa muda wa dakika kumi hivi, tukisema moyoni ya kuwa kila kizuizi kina mkuu wake na si adabu kuingilia. Kimya hicho hakikutupa heshima yoyote. Hatimaye tulishuka, tukajitambulisha, tukaongea na askari yule kando kama ndugu. Hakuwa mtu mbaya, wala hakuomba kitu. Tatizo lake lilikuwa hajui amwulize nani. Mama mwenyewe ndiye aliyesema ya kuwa nambari ya ofisi ya makazi imo katika simu ile ile aliyoishika. Ikapigwa, haikupokewa, kwani ilikuwa alfajiri. Ikapigwa tena na tena, mpaka mtu akaitika na kuthibitisha. Saa moja kasoro dakika kumi, jua likichomoza, taksi ikaondoka. Dakika hamsini zilikuwa zimekwenda.

Katika kuulizia hati, askari yule hakukosea. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 humpa mkimbizi haki ya kutembea kwa uhuru ndani ya Uganda, lakini kwa mipaka ya busara ambayo sheria imeiweka kwa ajili ya usalama wa taifa, utulivu na afya ya umma. Msafiri anayetoka Nakivale anapaswa kuwa na hati yake, na mama yule angefanya vyema kuomba ofisini barua ya safari kwa ajili ya siku ya kliniki. Askari alikosea pale alipoichukua simu na kuanza kusoma. Ibara ya 27 ya Katiba ya 1995 inalinda mawasiliano ya mtu pamoja na nyumba yake na mali yake, na wala haibagui raia na mgeni. Kupekua gunia la dagaa ni jambo moja. Kupekua ujumbe wa mwanamke kwa mumewe aliye mbali ni jambo jingine kabisa, na afanyaye hivyo bila idhini ya sheria ameiacha kazi yake na kushika nyingine.

Kulikuwa na njia fupi. Kati ya Machi na Oktoba 2018 serikali na Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi walihakiki wakimbizi wote nchini kwa alama za vidole na mboni za macho. Kumbukumbu zipo. Askari angeweza kuandika nambari ya barua iliyoonekana pichani, jina la mwenyewe na nambari ya taksi, akawaacha waende, kisha akaulizia ofisi zinapofunguliwa. Kama nambari ni ya uongo, taksi inajulikana, dereva anajulikana, na mtu mwenye mtoto mgonjwa mgongoni hajifichi katika foleni ya hospitali. Tunaviomba vituo vyote vya njia hiyo vibandike ukutani nambari ya simu ya zamu ya ofisi ya makazi. Gharama yake ni karatasi moja na gundi.

Kuna jambo la pili tuliloling'amua tukiwa tumekaa katika taksi ile, nalo latuhusu sisi wenyewe zaidi kuliko wakimbizi. Mara tu gari lilipoondoka, abiria mmoja alibonyeza simu na kulitangazia kundi lile la WhatsApp: kizuizi kipo mahali fulani, wanakagua sana, ongezeni nusu saa. Tulishtuka. Kama afisa, mtu hujiuliza mara moja ni nani mwingine anayesikiliza. Lakini tulipolitafakari tuliona ya kuwa kwa abiria wale kizuizi chetu kimekuwa kama daraja lililovunjika, yaani kitu cha kuhesabiwa katika mpango wa safari, na hawana nia nyingine. Kizuizi kinachohama mahali na kumaliza kazi yake upesi hakidhuriki sana na matangazo hayo. Kinachokaa pale pale na kushikilia watu kwa saa nzima hujitangaza chenyewe, hata pasipo simu.

Hatari kubwa zaidi imo katika simu zetu sisi. Mwezi Novemba 2017 kampuni ya Strava, yenye programu ya kupima mazoezi ya kukimbia, ilichapisha ramani ya dunia inayoonyesha njia za wakimbiaji wote waliokuwa wakiitumia. Januari 2018 mwanafunzi mmoja wa Australia, Nathan Ruser, akagundua ya kwamba katika nchi zenye vita, mahali ambapo wenyeji hawana vyombo hivyo, mistari myeupe iliyong'aa usiku wa ramani ilikuwa ni askari wa kigeni wakizunguka ndani ya kambi zao. Kuta, njia za doria, vyote vilionekana. Agosti mwaka huo wizara ya ulinzi ya Marekani ikawakataza askari wake kutumia vyombo vya kuonyesha mahali wakiwa katika maeneo ya operesheni. Askari wa Uganda wamekuwa wakitumikia Somalia tangu Machi 2007. Kijana anayetoka likizo Mbarara, akamtumia mchumba wake alama ya mahali alipo saa nane mfululizo mpaka mlango wa kikosi, afikirie habari hiyo. Simu isikilizayo setilaiti haidhuru. Simu inayosimulia ilichokisikia ndiyo inayodhuru, na kibonyezo cha kuinyamazisha kimo ndani yake.

Hatuwezi kuliacha suala hili bila kuwataja matapeli, maana nao wanapanga safari kwa simu. Mwaka 2022 vijana wa Uganda na Kenya waliitwa kwa matangazo ya kazi nzuri huko Thailand, wakajikuta wamevushwa hadi Myanmar na kufungiwa katika majumba ya utapeli wa mtandaoni. Katika makazi ya wakimbizi chambo ni kingine: safari ya kuhamia nchi ya tatu. Huduma za Shirika la Wakimbizi hutolewa bure, na hakuna foleni inayouzwa. Marekani iliposimamisha upokeaji wa wakimbizi Januari 2025, watu waliokuwa wamesubiri kwa miaka waliachwa na kiu kali, na mwenye kiu hunywa lolote. Polisi akiletewa simu yenye ujumbe wa namna hiyo, asimcheke mwenye nayo. Na ayahifadhi yale maandishi, nambari na risiti ya pesa kabla hayajafutwa.

Tuliingia steji ya Mbarara saa moja na dakika thelathini na tano. Bodaboda ikamfikisha mama hospitalini saa mbili kasoro dakika kumi, kabla ya saa ya kadi, lakini foleni ilikuwa imekwisha kujaa, naye akapewa nambari 43. Mtoto aliitwa saa nane mchana. Alipimwa, akapewa dawa, akapangiwa kurudi baada ya wiki nne.

Tulikutana nao tena jioni stejini, mtoto akila chapati. Mama alikuwa amekwisha kufungua simu na kuitafuta ile Jumanne ya mbele, akahesabu upya kutoka saa moja kamili. Taksi saa kumi na moja kasorobo ikawa saa kumi na dakika tano. Kuamka kukawa saa nane na dakika hamsini.

Tukamwuliza zile dakika arobaini za ziada ni za matope tena.

"Hapana, Afande," akasema, akacheka kidogo kwa adabu. "Za matope nilikwisha weka. Hizi ni zenu."